Fulana za Mwaka wa Shufwa

Kitale,
Jumapili, tarehe 16 Februari 2025.

Asubuhi ya leo ni baridi kavu. Jua limetoka mapema, hakuna wingu hata moja juu ya mlima, na vumbi la barabara lilianza kupanda kabla watu hawajaenda kanisani. Mvua hatujaiona tangu tarehe tatu, na hiyo ya tarehe tatu ilikuwa rasharasha ya dakika chache. Najua ungetaka kuambiwa hilo kwanza.

Kwako Baba,

Mulembe. Nakusalimu wewe na Mama na wote mlioamka hapo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Kaka Wafula aliniambia kwamba sasa unafika hadi kanisani bila fimbo, lakini kwamba kile kifaa cha sikio umekirudisha kwenye sanduku lake kwa sababu kinapiga mluzi. Kivae hata saa moja kwa siku, Baba. Na Mama, kikohozi chake cha kiangazi kimepungua? Mimi ni mzima. Kazi ya saiba ni ile ile, kuchapisha, kupiga chapa barua za watu, kuwajazia fomu za serikali. Tuko wawili kama zamani, mimi na Chebet, yule msichana wa Endebess niliyekuja naye mwaka juzi mkamchinjia kuku.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Ilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema hivi: "Chumba cha barabarani, unakitaka au hukitaki, na kwa sababu gani. Andika, usipige simu." Nimekuelewa. Kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe. Basi naandika, na nitarudia hata yale unayoyajua, ili Mama naye akisoma apate habari yote kwa mpangilio.

Siku iliyofuata Krismasi tulikuwa tumeketi nje ya jikoni, Mzee Simiyu mwenye bucha akaja kukuomba umkodishie kile chumba kinachotazama barabara. Mimi nilikuwa nimekwisha kukuomba kabla yake. Nilitaka kuacha kazi ya huku, nirudi nyumbani, nifanye biashara ya kuuza vitu kwenye mtandao, chumba kiwe duka na stoo. Ulimwuliza Simiyu atauza nini, akasema nyama. Ukaniuliza mimi, nikasema fulana za sherehe, zile zinazochapishwa jina na picha, ambazo ukoo mzima huvaa siku ya shughuli. Ukauliza nimejuaje kwamba zitauzika. Nikatoa simu nikakuonyesha mstari. Maneno niliyosema nimeyakuta kwenye daftari langu la tarehe 26 Desemba: "Baba, Agosti imefika mia. Mia kwa mia." Ukamwambia Simiyu asubiri hadi mwisho wa Februari. Wiki mbili baadaye Mama akamwita fundi kupiga rafu.

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu mengine yote yanatoka humo.

Kuna ukurasa kwenye mtandao unaoonyesha watu wametafuta neno gani, lini, na wakiwa wapi. Haumuulizi mtu. Unakusanya tu yale ambayo watu wenyewe waliyaandika kwenye simu zao walipotaka kujua kitu. Unaandika neno, unachagua mahali, unachagua muda, nao unakuchorea mstari unaopanda na kushuka. Niliandika neno la kuchapisha fulana, kwa Kiingereza, kama watu wanavyoliandika. Nikachagua kaunti yetu. Muda sikuchagua. Ukurasa wenyewe hufunguka ukiwa kwenye miezi kumi na miwili iliyopita, nami nikauacha hivyo hivyo. Mstari ulikuwa umelala tangu mwanzo wa mwaka, ukainuka Julai, Agosti ukafika juu kabisa kwenye mia, kisha ukashuka. Pembeni nikaandika: "Likizo ya Agosti, familia hukutana. Itarudi."

Tarehe 14 Januari aliingia saibani mama mmoja wa Kiminini anayekodisha mahema na viti. Alikuja kuchapisha kadi zake za biashara. Nilikuwa nimefungua kwenye skrini mchoro wa fulana ya mfano, nikauacha wazi nikimhudumia yeye. Akaukazia macho.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu, mama. Biashara ninayotayarisha, ya Agosti."

"Agosti gani?"

"Hii inayokuja."

Aliweka mkoba wake juu ya meza. "Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Bungoma. Upande wa Kibabii."

"Mubukusu kabisa, ama wa kuolewa?"

"Kabisa, mama. Wa kuzaliwa."

"Na Agosti hii utamtahiri nani? Ati utavalisha fulana hewa?" Akacheka mpaka akashika kiti. "Mimi mahema yangu mwaka huu nimeyakunja. Panya ndio watafanya sherehe ndani mpaka mtu aoe. Mtoto wa Mubukusu kusahau mwaka! Baba yako akisikia hii atakuuza."

Chebet naye alikuwa akicheka nyuma ya mashine ya kupiga kopi. "Hata mimi ningekuambia, Nekesa, na mimi si wa kwenu."

Baba, sisi Wabukusu tunatahiri mwaka wa shufwa. Mwaka wa witiri hatutahiri. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Na mwaka jana, huo mwezi wa Agosti wenyewe, nilikuwa hapo nyumbani. Nilimsindikiza Wekesa, mtoto wa Kaka Wafula aliyekuwa anakwenda kutahiriwa, kutoka kwa mjomba wake hadi nyumbani, nikiimba na wenzangu, nikiwa nimevaa fulana ya njano yenye picha yake kifuani. Nilikuwa ndani ya kile kilima cha ule mstari nikicheza, na miezi minne baadaye nilikiangalia kwenye simu nisijione. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Naona kwamba lilipokuja kwangu kama mstari wenye namba, nililichukua kuwa habari ya watu wengine, watu wasiojulikana, na nikaacha kutumia kichwa changu.

Jioni ile ile niliurudia ukurasa nikachagua miaka mitano. Ulitoka mwinuko, tambarare, mwinuko, tambarare, mwinuko. Mwinuko wa kwanza ulikuwa mdogo, nadhani kwa sababu ya korona. Tambarare ndizo miaka ya witiri. Na sasa tumo ndani ya mmoja wao. Fulana hizo zingekaa kwenye rafu za Mama mwaka mzima na nusu. Wewe ulipima mvua katika ofisi ya kilimo miaka yako yote ya kazi, na ulitukataza kusema mwezi ni wa mvua kwa sababu tu mwaka mmoja ulinyesha. Ungeniona nikisoma kitabu chako cha mvua jinsi nilivyosoma ule mstari, ungeninyang'anya.

Kuhusu ile mia pia nilikudanganya, ingawa sikujua. Mia si watu mia, wala si mia kwa mia. Ukurasa huchukua ile wiki ambayo watu walitafuta neno hilo kuliko wiki nyingine zote, ukaiita mia, kisha wiki nyingine zote ukazipima kwa hiyo. Ni kama ungechukua siku iliyonyesha zaidi mwezi wa Januari, ukaiita mia, hata kama kilichoingia kwenye kipimo ni matone. Neno linalotafutwa na watu wachache sana linaweza kuwa na mia yake. Kwa hiyo ile mia niliyokutangazia mbele ya Simiyu haikuwa na maana niliyoipa.

Sikukuambia siku ile. Hilo ni kosa la pili na liko daftarini kwa tarehe yake. Mama alikuwa amenitumia picha ya rafu siku mbili kabla, fundi akiwa bado na misumari mdomoni. Nilijiambia ningoje nipate kitu cha kuweka mahali pa fulana, ndipo niseme yote pamoja.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, nimekuwa nikikaa na daftari na kuangalia neno baada ya neno kwa saa moja, kwa miaka mitano, kwa nchi nzima na kwa kaunti moja moja. Nilijiwekea masharti. Neno lisiwe la mwezi mmoja. Watu wanaolitafuta wawe wanataka kununua, wasiwe wanataka kujua tu. Na kiwe kitu ambacho sisi tunaweza kukitengeneza kwa mikono iliyopo nyumbani.

Sharti la pili ndilo lililoangusha mengi. Chini ya ule mstari, ukurasa huonyesha maneno mengine ambayo watu huyaandika pamoja na neno lako, na hapo ndipo unaposikia sauti zao. Nilijaribu mashine za kutotolesha vifaranga, kwa sababu mstari wake ulikuwa mzuri, haulali mwaka mzima. Nilipotazama chini nikaona wengi wanauliza jinsi ya kuitengeneza mwenyewe kwa sanduku na balbu. Hao si wanunuzi. Nilijaribu majoho ya mahafali, nikifikiria chuo cha hapo kwetu na watoto wa chekechea ambao siku hizi nao huvalishwa majoho. Mstari ulipanda vizuri kila mwisho wa mwaka, lakini neno lililofuatana nalo lilikuwa kukodi. Mtu anataka joho la saa tano, apige picha, alirudishe. Sweta za shule zilipanda Januari, na Januari hiyo mzazi huelekezwa na shule duka la kwenda. Mama, anayeshona sare, anajua hilo kuliko ukurasa wowote.

Neno lililobaki sikulitegemea. Ni zile nguo za wauguzi, blauzi yenye mifuko na suruali yake, wanazovaa hospitalini na vyuoni. Mstari wake si mrefu. Kwenye miaka yote mitano hakuna mahali uliposimama ukafanya kilima cha kukimbiliwa, lakini hakuna pia mahali uliposinzia. Unapanda pole pole, mwaka kwa mwaka, na hupata nguvu kidogo vyuo vinapopokea wanafunzi. Na maneno ya chini yake ni bei, ni saizi, ni wapi. Hao wana haja ya kununua.

Sikuamini tena mstari peke yake. Saiba yetu hupata wanafunzi wengi wa uuguzi wanaokuja kuchapisha ripoti zao za mazoezi, nikaanza kuwauliza wakisubiri karatasi zitoke. Wa kwanza hakutaka kusema, alidhani nauza bima. Wa pili alikuwa mrefu kama Wafula. Aliinua mguu wake akanionyesha suruali ilipoishia.

"Sista, angalia. Hii ni suruali ama ni kaptura ya Jumapili?"

"Hukupata ndefu?"

"Ndefu iko, lakini kiuno chake tunaingia watu wawili."

Mwenzake, msichana mnene kidogo mwenye miwani, akasema, "Wewe una shida ndogo. Mimi nikiinama kumtandikia mgonjwa, siri yote iko nje. Mgonjwa mwenyewe ananihurumia."

"Na mifuko?" nikauliza.

Wote wawili wakasema pamoja, "Usituambie mifuko!" Yule msichana alikuwa ameshonea wake kwa uzi wa rangi nyingine. Walisema mfuko huchukua kalamu, mkasi, daftari na simu, na wiki ya tatu huning'inia kama sikio la mbuzi.

Nimeuliza kumi na mmoja mpaka leo. Tisa wametaja mifuko. Niliandika majibu yao bila majina. Kisha nikakumbuka kaptura za shule za Mama, ambazo mvulana huzichakaza makalio yote kwa kuteleza kwenye mteremko, kitambaa kinaisha, na mfuko bado umeshika. Hilo nilikuwa nikiliona tangu utotoni na kulichukulia kuwa la kawaida.

Mpaka hapo, Baba, nilikuwa na jibu la kukuandikia. Nilikuwa niseme: ndiyo, nakitaka chumba, fulana nimeziacha, nimepata kitu bora. Niliiandika barua hiyo Jumatano jioni, ukurasa mmoja na nusu. Kama ingekuwa na mtu wa kuibeba Alhamisi, ungekuwa unaisoma sasa.

Juzi Ijumaa, Mzee Simiyu alikuja Kitale kutafuta ng'ombe. Alipomaliza sokoni akauliza njia mpaka akafika saibani. Aliingia na kofia mkononi, buti zake zikiwa na samadi, wateja wakampisha.

"Mulembe, Nekesa. Nimekuja kuiona hiyo mashine inayonishindania chumba."

Nikamletea kiti. Chebet akampa maji. Akaniomba nimwonyeshe, na sikuona sababu ya kumficha, nikamwambia hata habari ya fulana na mwaka wa shufwa. Hakucheka sana, nilishukuru. Akasema, "Uliza nyama."

Nikaandika nyama ya mbuzi. Mstari ukapanda Desemba, na tena kidogo Pasaka.

"Hiyo tu?" akasema. "Hiyo hata mbuzi mwenyewe anaijua. Ndiyo maana Desemba akiona mgeni anakimbia." Mteja mmoja alicheka mpaka akakosea fomu yake ikabidi nichapishe nyingine.

Kisha nikamwonyesha mstari wa nguo za wauguzi. Aliuangalia kwa makini, akafuata kwa kidole kama mtu anayefuata mpaka wa shamba. Akasema ni mstari wa mtu mtulivu. Halafu akauliza, "Sasa hawa wanaotafuta hizi nguo, wako wapi?"

Ukurasa unaonyesha hilo pia. Nikafungua ramani. Nairobi, Kisumu, Eldoret, Nakuru, na kaunti nyingine chache. Sisi tulikuwa mbali chini, rangi hafifu.

"Kwa hivyo watakuja kununua namna gani?"

"Hawatakuja, mzee. Wataagiza kwa simu, nami nitume kwa gari la vifurushi."

"Hakuna atakayepita pale mlangoni?"

"Labda mmoja mmoja."

Akanitazama, akavaa kofia yake. "Nekesa, mimi sikusomea kompyuta. Lakini kama mnunuzi wako hapiti barabarani, hilo dirisha la barabarani ni la nini? La kuhesabu bodaboda?"

Nilikuwa na masharti matatu kwenye daftari, na hilo la nne lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo sikuliandika. Nilimwambia kwamba neno la chumba ni lako, si langu, na kwamba nitakuandikia. Akasimama, akanishukuru kwa maji. Mlangoni akageuka. "Mwambie baba yako mimi sina haraka." Akafikiri kidogo. "Nina haraka kidogo tu. Mwambie hivyo."

Alipotoka, Chebet alisema, "Huyo mzee angefaa kuajiriwa hapa."

Sasa najibu swali lako. Hapana, Baba. Chumba cha barabarani sikihitaji. Nyama inahitaji watu wanaopita, na hapo wanapita, wa kwenda chuoni, wa kutoka sokoni, na wale wa jioni. Biashara yangu inahitaji meza, cherehani, mwanga mzuri na mtandao. Hivyo vitatu vya kwanza viko katika chumba cha Mama cha nyuma. Cha nne kiko kwenye simu yangu. Kukiweka kitambaa changu kwenye chumba chenye dirisha bora kuliko yote hapo nyumbani ni kukiharibu chumba hicho. Mpe Simiyu.

Najua kwamba chumba hakikuwa chumba tu. Siku ile ya Desemba, Simiyu alipokwisha kuondoka, ulisema, "Ukiwa hapo mbele, nitajua mlango umefunguliwa hata nisiposikia." Mama alikuwa akipepeta maharagwe, akaacha. Hatukuzungumza tena juu ya hilo, lakini nililiandika usiku ule, na nimelisoma karibu kila Jumapili kabla ya kufungua ukurasa wa mistari. Inawezekana ndilo lililonifanya nione kilima cha Agosti kwa haraka vile. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi, na mtu anayetafuta sababu huipata kwenye mstari wowote. Nakuambia hivi bila kujilaumu sana. Naona tu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Nikija nyumbani kwa sababu ya chumba, halafu biashara ikakataa, nitakuwa nimeketi dirishani mbele yako kila siku nikitazama barabara, na wewe utakuwa umemnyima Simiyu. Heri nije polepole na nibaki.

Nimepanga hivi. Sijatoa notisi kazini na sitaitoa sasa. Jumamosi ya tarehe 1 Machi nitakuja na kitambaa cha jozi tatu tu. Nina vipimo vya yule kijana mrefu, vya yule msichana mwenye miwani, na vya mwingine wa mwili wa kawaida. Walikubali kupimwa kwa kamba ya Chebet mbele ya mashine, wakicheka. Mama atanishonea, na namwomba mifuko aishone kama ile ya kaptura, mishono miwili na kona zake. Blauzi iwe ndefu nyuma. Watazivaa mwezi mzima, wazifue, wazikalie, wazijaze mikasi, kisha waniambie zilipoachia. Zikishika, ndipo nizipige picha niziweke mtandaoni, jozi chache. Nitazifuatilia kwa miezi sita, kwa tarehe, kama ulivyofuatilia mvua. Maagizo yakiwa ya kutosha kuushinda mshahara wangu wa hapa miezi mitatu mfululizo, nitarudi nyumbani nikae nanyi, katika chumba cha nyuma, na mlango huo wa nyuma uko karibu na kiti chako kuliko ule wa mbele. Yasipotosha, nitakuandikia hivyo pia, wala sitangoja mwezi mzima kama safari hii.

Mpaka wakati huo nitakuja kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi. Awali nilikuwa nikija mara moja kwa mwezi, na mara nyingine nikiruka. Hilo sikulipata kwenye ukurasa wowote.

Mwambie Mama rafu zisiachwe kwa nyama. Fundi azing'oe taratibu azihamishe nyuma, ukuta wa upande wa dirisha dogo, na vitambaa vya sare za shule vipande juu kwanza, visiendelee kukaa kwenye gunia. Najua atasema amezoea gunia.

Nisalimie wote. Kukhu, mama yako, mwambie dawa ya macho nimeiulizia na nitakuja nayo. Kaka Wafula na mke wake, na hasa mwana wao Wekesa, kijana wetu mpya, mwambie fulana yake ya njano ninayo na naivaa kwa kufulia. Senge, dada yako anayeuza mboga karibu na chuo, mweleze kwamba maswali yake juu ya kuuza mboga kwenye simu nitayajibu ana kwa ana, yasije yakageuka mia kwa mia nyingine. Na Mzee Simiyu, mpelekee jibu wewe mwenyewe. Anastahili kulisikia kwako.

Barua hii anaibeba mwalimu jirani yangu anayesafiri kesho kwenda Bungoma. Ataiacha kwa Wafula.

Ni mimi mwanao,
Nekesa.

Jumatatu, asubuhi. Sikuifunga bahasha jana. Niliisoma barua tena baada ya kula, nikafika pale nilipoandika umpe Simiyu, nikalikata neno hilo kwa mstari. Nikakaa. Kisha nikaliandika upya juu yake, ndiyo maana karatasi ina doa hapo. Lisome kama lilivyo. Mpe. Nililala saa sita usiku kasoro dakika kumi.